Pikipiki ya Makame

Kila Jumapili baada ya chai, Badi alikaa kwenye kigoda uani akiitengeneza pikipiki ya marehemu kaka yake. Ilikuwa ya zamani, na tangi lake lilibonyea siku ya ajali. Badi alisafisha kabureta kwa petroli, akatia plagi mpya, akang'arisha kila chuma. Tangi peke yake hakuthubutu kuligusa.

Siku hiyo alipiga kiki, ikakohoa. Akapiga tena, ikawaka, na mlio ule mzito aliouzoea tangu utotoni ukajaa ua mzima. Machozi yakamlengalenga.

Mara mlango wa jikoni ukafunguka. Mama yake, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka, akaja mbio miguu mitupu, mikono imejaa unga.

"Makame! Umerudi, baba? Mbona umekawia hivi?"

Badi alikwisha kumwambia mara nyingi kwamba Makame walimzika, na kila alipomwambia, mama alilia kama aliyepata habari siku hiyohiyo.

"Njia ilikuwa mbaya, Mama," akasema safari hii, akiifanya sauti yake nzito kama ya kaka yake.

Mama akacheka. Akampapasa shavu kwa kiganja cheupe cha unga.

"Pole, mwanangu. Haya, zima hilo dude uje ule."

Badi akaushika ufunguo. Mama alisimama palepale akimngoja, anatabasamu, na injini ikaendelea kunguruma.