Kazi Mpya ya Shomari

Mjini kwetu kila mfanyakazi huletewa ndoto ya kumwonyesha maana ya kazi yake, akaamka ana furaha. Shomari, fundi bomba, alipostaafu, ndoto zilikoma. Akawa anashinda kitandani, chai ikimpolea. Mkewe, Mwanahija, akaenda ofisi ya ndoto kumwombea nyingine.

Asubuhi moja Shomari aliamka akitabasamu.

"Umeota nini, Baba Siwema?"

"Nimeota nakungoja mlangoni. Sijawahi kupata kazi nzuri kama hii."

Jioni, Mwanahija alipotoka kazini, alimkuta kweli mlangoni, uso unang'aa. Akamshika mkono kwa furaha.

"Nimefika, mume wangu. Twende ndani tukale."

"Tangulia tu," Shomari alimjibu kwa upole, macho yake barabarani. "Namngoja mke wangu."