Kochi Jekundu

Katika utafiti wetu wa nani huamua manunuzi ya nyumbani, mume huulizwa peke yake na mke peke yake. Jibu la huyu lisimfikie yule.

"Kochi hili nani aliamua linunuliwe?" nilimuuliza mume sebuleni.

"Mama watoto. Mimi linaniumiza mgongo, ila yeye analipenda mno."

Nikamfuata mke jikoni.

"Baba watoto," alinong'ona. "Mimi rangi yake inanitia kichefuchefu. Lakini nitamvunjaje moyo?"

Niliporudi kuaga, walikuwa wameketi juu ya kochi wamebanana, nailoni ya dukani ikilia chini yao.

"Dada, majibu yetu yamelingana?" mume akauliza.

"Yamelingana kabisa," nikajibu.

Mke akalipapasa kochi. "Si unaona, baba watoto? Basi kesho tukachukue na kochi mwenzake."

Nikafungua mdomo niwaambie ukweli, nikakumbuka sharti la utafiti.