Koti la Mlinzi

"Mwanangu, nipeleke hospitali," alisema Mzee Mhina. "Tangu mama yako afariki, sipati usingizi kabisa."

Salehe aliendelea kula. "Huo ni uzee, baba. Hospitali watakutibu uzee?"

Kesho yake mchana akamfukuza mlinzi wa getini, akamvua koti na kumletea baba yake.

"Wewe hulali, na mimi namlipa mtu anayelala. Vaa, baba."

Mzee akalivaa. Mikono ya koti ilimfunika hadi vidole.

Ndaro, yule mlinzi, alikuwa akifunga mfuko wake wa nguo. "Shikamoo, mzee. Mwanao huyu, hata ukifa atakusimamisha hapa uendelee kulinda."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Hakuwa amecheka tangu msiba. Ndaro alipoondoka, mzee akakaa kwenye kiti cha mlinzi. Koti lilinuka jasho na tumbaku, na bado lilikuwa na joto la mtu. Akajikunyata ndani yake.

Jua halijazama, gari la Salehe likasimama nje ya geti. Akapiga honi. Akapiga tena, akaiacha ilie. Ndani, mzee alikuwa akikoroma, kidevu kimezama kwenye kola ya koti.