Likizo ya Mwanakheri

Sheria humpa kila mwenye kisukari cha aina ya kwanza juma moja la likizo kwa mwaka, ambapo jamaa yake hushika kidhibiti cha pampu yake ya insulini na kuamua kila kipimo. Mwaka huu Shekue alimpokea mzigo huo mkewe, Mwanakheri.

“Usiongeze wali, mke wangu, bado nakokotoa.”

“Kokotoa, mheshimiwa,” Mwanakheri alicheka. “Wali utachacha tukikungoja.”

Siku ya mwisho Shekue, hoi kwa uchovu, alijisifu kwamba sukari haikuyumba.

“Umejitahidi, mume wangu. Ulipozidisha dawa, niliongeza ndizi. Ulipopunguza, nilibakiza wali.”

“Kumbe hukupumzika?”

Mwanakheri alicheka kicheko kilekile cha juma zima. Shekue, aliyemstahi sasa kuliko wakati wowote, hakuthubutu kumuuliza tangu lini amekuwa akicheka hivyo.