Wimbo wa Mgombea

Wagombea wenzake, wanaume watupu, walikuwa wameshahutubia. Ndipo mwenyekiti wa mkutano akampa Zamda kipaza sauti.

“Haya mama, tuchangamshe kidogo!”

“Mwenyekiti, na mimi ni mgombea. Nataka kuzungumzia maji.”

“Utazungumza, mama. Wimbo kwanza.”

Akaimba. Akina mama wakaitikia kwa vigelegele, wanaume wakacheza hadi vumbi likatimka. Wimbo ulipokwisha, Zamda akavuta pumzi.

“Ndugu zangu, kisima chetu…”

“Ahsante sana, mama yetu!” Mwenyekiti alikuwa ameshanyoosha mkono kudai kipaza sauti.

Zamda akakikumbatia kifuani, akauanza wimbo upya. Mkono ukashuka. Akaimba mpaka koo likamkauka, na kila aliponyamaza kumeza mate, mkono ule uliinuka tena.