Pua ya Fundi

Foronya ilikuwa na damu tena. Mama Msasa aliivua kwenye ule mto wao mrefu, waliolalia pamoja tangu waoane, akaibwaga mezani mbele ya mumewe.

"Na hii ni nini, baba?"

"Si yangu," Fundi akajibu. "Pua yangu safi kama pamba."

"Basi ni ya mbu."

Fundi akacheka peke yake, kisha akainua kichwa. "Mama, maziwa yanaungua huko jikoni."

Mama Msasa alikimbia kuyaepua. Sufuria ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi, naye wala hakuwa amesikia harufu. Hasira hizo, alijiambia.

Pua ya Fundi ilikuwa na historia. Zamani tundu moja liliziba hadi akawa anapumua kwa mdomo kama samaki nchi kavu, hospitalini wakamkata kinyama kilichoota ndani. Daktari hakuwaficha. "Si saratani," aliwaambia. "Ila kinyama cha aina hii ni kikorofi. Hurudi, na kwa watu wachache hugeuka saratani. Siwezi kujua ni nani, kwa hiyo lazima niwe nakuchungulia mara kwa mara." Fundi alirudi mara moja tu, akaingizwa mrija wenye taa puani, akaapa hakanyagi pale tena.

Tangu siku hiyo Mama Msasa akawa askari wa pua isiyokuwa yake. Karakana ilikuwa uani. Mume alipiga randa, mke alipiga msasa, vumbi la mbao likiwapaka wote wawili kama unga. Fundi akipiga chafya tu, msasa unawekwa chini, anakaguliwa. Mama Msasa mwenyewe jicho lilikuwa likimvuja, na shavu lilikufa ganzi mpaka kwenye meno, akawa anajifuta kwa upindo wa nguo na kuendelea na kazi.

"Jicho hilo limezidi sasa," Fundi alimwambia.

"Vanishi hiyo. Na usinigeuzie kibao, tunazungumza habari za pua yako."

Lakini foronya ya leo ilimshinda. Alivua aproni, akaapa hagusi ubao mpaka mumewe aende hospitali. Fundi alikuwa na vitanda vya watu vinavyongoja kulainishwa. Akasalimu amri.

Chumbani kwa daktari, Fundi alipouona mrija alishika kiti kwa mikono miwili.

"Mwanamume mzima!" Mama Msasa akasema. "Daktari, nianze mimi, aone kama nitakufa."

Daktari, aliyewafahamu tangu zamani, akacheka, akampulizia dawa ya ganzi. Akachungulia tundu la kulia. Akahamia la kushoto, na huko akakawia, akiuzungusha mrija taratibu.

"Umeona, baba? Hata haiumi," Mama Msasa alisema ulipotolewa.

"Zamu yako, mzee," daktari akasema. Safari hii hakucheka.

Mama Msasa alisimama kando ya mumewe, macho kwenye kioo cha mashine, roho mkononi. Aliona mapango mekundu yenye kung'aa asiyoyaelewa, na katika kila kona aliona kifo.

"Hakijarudi," daktari akasema mwishowe. "Tulipokata pamepona kabisa. Hakuna kitu."

Mama Msasa alicheka na kulia kwa pamoja, akampiga mumewe kofi la bega. "Umenizeesha bure, wewe! Haya inuka, vitanda vinatungoja. Ahsante sana, daktari. Leo nitalala."

Akachukua mkoba wake. Daktari alikuwa amesimama mlangoni, hampishi njia.

"Mama, kaa kwanza, tuzungumze habari za pua yako," alisema kwa sauti ya chini. "Fundi, sogea karibu, mshike mkeo mkono."