Mapigo Saba Darini

Mama Mikate alipanda juu ya kiti, akashika ufagio kwa mikono miwili, akaligonga dari kwa mpini mpaka chokaa ikamdondokea machoni. Huko juu muziki ukaongezwa sauti.

"Shetani mkubwa," alisema peke yake.

Alikuwa anaoka mikate usiku kucha na kulala mchana, na mchana ndio wakati jirani wa juu aliokuwa akiweka CD yake. Kila siku, hiyo hiyo moja. Kinanda kinaanza kama cha kanisani, gitaa linalia, halafu ngoma zinaingia kwa mwendo wa kuchechemea: badala ya kupiga nne kama ngoma za watu, zinapiga saba. Mwimbaji mwenyewe haingii mpaka umeshasahau kama yupo.

Wiki iliyopita alisinzia mbele ya tanuri akaungua mkono. Bosi hakumpa hata pole. Alimwambia akisinzia tena asirudi, na kazi ile ndiyo iliyokuwa inawalisha wanawe.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba ule wimbo ulishamwingia. Kazini alijikuta anakanda unga kwa mapigo saba, wenzake wakamcheka mpaka wakashika mbavu. Hata akiligonga dari kwa hasira, mkono ulifuata mwendo ule ule. Kuna mahali katikati ambapo vyombo vyote vinanyamaza, inabaki filimbi peke yake, tamu mpaka unazuia pumzi. Mama Mikate alikuwa anangoja hapo na ufagio wake hewani. Ngoma zikirudi tu, naye anashusha. Alichukia kujua kwamba pale ni pazuri.

Mlango wa jirani aliugonga mpaka vidole vikavimba. Kimya. Akamtukana kupitia tundu la ufunguo. Kimya. Mtu gani huyu, ametia pamba masikioni?

Alfajiri moja alikutana naye ngazini akitoka kazini, kile kitambaa cha kuzuia vumbi la unga bado kimemziba pua na mdomo. Akamtolea uvivu. Alimwita mshenzi, hayawani, mtu aliyekosa wa kumlea. Jirani akasimama, akatabasamu. Akamnyooshea kidole yeye, kisha akaelekeza kidole chini, kwenye chumba chake, akampa dole gumba, akaenda zake.

Mama Mikate aliingia kwake akabamiza mlango. Kudhihakiwa amewahi, lakini si kwa dharau ya namna ile. Akaapa atakula naye sahani moja.

Akamfuata mwenye nyumba. Huyo alipanda juu, akakuta mlango umerudishiwa tu, akachungulia, akashuka anacheka. Alisema amemkuta amekaa sakafuni, miguu mitupu, macho ameyafumba, na spika zote mbili amezilaza kifudifudi.

"Kifudifudi?"

"Zinakuangalia wewe huku chini, mama. Lakini ile albamu ni moto. Roki ya zamani, ya wale wazee wa nywele ndefu, wimbo mmoja unaweza kupika na kula haujaisha. Kaka yangu alikuwa nayo kwenye santuri. Si ya kila mtu ile, inataka masikio."

Mama Mikate hakuona cha kuchekesha. Mtu ambaye hana ubaya na wewe hakugeuzii spika kichwani.

"Ni mimi au yeye," alisema. "Chagua."

Mwenye nyumba hakupenda ugomvi. Alimpigia simu dada wa yule jirani, ambaye ndiye aliyempangia kaka yake chumba, akamdanganya kwamba anataka kukarabati ghorofa ya juu. Mwisho wa mwezi amhamishe.

Siku yenyewe ilipofika Mama Mikate hakulala, makusudi. Alisimama dirishani akitazama godoro na masanduku yakipakiwa kwenye gari, moyo mweupe. Leo atalala usingizi wa pono. Ufagio wake ulikuwa umeegemea ukutani, hauna kazi tena.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mwanamke mmoja mwembamba, ameshika jalada la CD lenye picha ya saa kubwa iliyoota mizizi. Alijitambulisha kuwa ni dada yake yule wa juu. Mama Mikate akakunja mikono kifuani. Kama ni ugomvi wa mwisho, yuko tayari.

"Samahani, dada yangu," mwanamke alisema. "Kaka amenituma. Tangu alipougua akapoteza kusikia, anaona haya kuongea na watu. Muziki siku hizi anausikiliza kwa nyayo."

Mama Mikate akakunjua mikono. Mwanamke akamwekea lile jalada mkononi.

"Hii anakuachia, CD yenyewe bado iko kwenye redio huko juu. Anasema nyumba zote alizokaa alikuwa peke yake, ila hapa kuna mtu chini anampigia ngoma, na hakosei hata pigo moja. Ndiyo maana alikuwa anaongeza sauti, ili na wewe ufaidi. Anaomba mpige pamoja mara ya mwisho kabla hatujaondoka. Ameshavua viatu, anakusubiri."